Kadi Iliyoingia Kazini Peke Yake

Mjukuu wake anafanya kazi ile ile aliyoifanya yeye, tofauti ni kwamba binti anaifanya kwa kukaa. Hilo ndilo linalomkera Mama Pole. Mtu wa kampuni yao akiugua, binti anafungua kompyuta, anajaza jina na tarehe mtu alipoacha kazi, karatasi ya daktari anaipiga picha, anabonyeza, na Mfuko wa hifadhi ya jamii unajibu hapo hapo: imepokelewa. Mgonjwa mwenyewe ni mnene au mwembamba, hajui.

"Umemwona lakini?" Mama Pole humuuliza.

"Nimwone wa nini, bibi? Daktari si kamwona."

"Daktari kaona ugonjwa. Mimi nakuuliza mtu."

"Mke mwenzangu, hivi wewe ulikuwa unaripoti wagonjwa au ulikuwa unaposa?"

Hapo Mama Pole hucheka mpaka akakohoa, maana kwa kweli ilikuwa jirani na kuposa. Ulikwenda kwa watu, ukavua viatu mlangoni, ukaulizwa habari za kwenu kabla hujauliza za kwao, na ukiondoka bila kuonja chai umewatukana.

Kiwanda chao kilishona sare. Za shule, za walinzi, za hospitali, yeyote aliyetaka watu wake wafanane alikuja pale. Ulikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye madirisha juu kabisa karibu na bati, ili mtu asipoteze muda kutazama nje. Shati liliingia upande huu likiwa vipande, likatokea upande wa pili likiwa na vifungo. Huyu anaunga mabega, yule anatia mikono, mwingine kola, mwingine mifuko, na cherehani moja ikinyamaza, mstari mzima unasimama unamtazama aliyenyamaza. Mama Pole alianzia mwisho kabisa, kwenye vifungo, akiwa msichana mwenye mdomo kuliko umri. Karani wa wafanyakazi alipostaafu, meneja akatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeogopa watu. Wenye mwandiko walikuwa wengi.

Wakampa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa kona ya stoo ya vitambaa iliyozibwa kwa mbao, na kidirisha cha kioo cha kuchungulia ukumbini. Ilinuka pamba mpya na mafuta ya cherehani, na mpaka leo akipita karibu na duka la vitambaa hupunguza mwendo, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kazi ilikuwa hivi. Mtu akiumwa siku chache akaleta karatasi ya daktari, kiwanda kinavumilia, mshahara wake haukatwi. Ugonjwa ukipitiliza, mwajiri ni lazima aufahamishe Mfuko: mfanyakazi fulani kaacha kazi tarehe fulani, daktari kasema hivi, mshahara wake ni huu. Hapo mzigo unahama. Kiwanda kinaacha kumlipa, Mfuko unaanza, mpaka daktari aseme mtu kapona. Lakini mwajiri asiposema, Mfuko utajuaje? Kwa Mfuko, ambaye hajaripotiwa ni mzima buheri wa afya, hata kama anazungumza na malaika.

Sheria haikumtaka karani aende kumwona mgonjwa. Hiyo aliitunga mwenyewe. "Siripoti mtu nisiyemwona," alisema, na akaishika mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Alisema pole mlangoni, akasema pole kitandani, akasema nyingine wakati wa kuaga ili zisipungue. Watoto wa mtaani wakimwona anakata kona walikuwa wanaulizana kwa nani leo.

Kila Alhamisi aliyabeba makaratasi yake mpaka ofisi za Mfuko, akapanga foleni mbele ya dirisha lake. Lilikuwa lake, asikwambie mtu. Nyuma ya kioo alikaa bwana mmoja mwenye sharubu zilizochanwa vizuri, ambaye Mama Pole alimjua kuanzia kifuani kwenda juu tu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuhakikisha kama ana miguu. Akamwita Bwana Dirisha, naye akaitika.

"Leo umeniletea nani, Mama Pole?"

"Goti na pafu."

"Goti la nani?"

"La dada wa mikono. Limevimba kama papai."

"Na pafu?"

"La mlinzi wetu wa geti. Anakohoa mpaka wezi wanajua kakaa upande gani."

Bwana Dirisha aligonga muhuri akiwa anajizuia kucheka, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na bosi. Halafu Alhamisi inayofuata atauliza, kabla ya salamu: goti linaendeleaje? Enzi zile ugonjwa ulikuwa na sura, na ofisini kulikuwa na mtu anayeikumbuka.

Sasa pale kiwandani kulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Waliiita kushoneana. Getini palikuwa na saa ya ukutani yenye mdomo, unaingiza kadi yako, inaing'ata, inaipiga chapa ya muda ulioingia. Mtu akipata homa ya siku mbili isiyomfikisha kwa daktari, au mtoto anaota meno, au usiku mume kaleta vurugu na jicho halionyesheki, mwenzake aliichukua kadi yake akaiingiza pamoja na yake. Kazi ya asiyekuwepo waligawana wa kulia na wa kushoto. Msimamizi alihesabu mashati, hakuhesabu vichwa. Hakuna aliyefundishwa. Ulijua siku uliporudi kutoka kuumwa ukakuta furushi lako limeshonwa lote, na ukijaribu kushukuru unaambiwa usiwapotezee watu muda.

Mama Pole alishonewa yeye pia, wakati wa mimba yake ya mwisho iliyomtapisha asubuhi zote. Kwa hiyo alipokaa ofisini shingo yake ilijifunza adabu: akipita mtu mwenye kadi mbili mkononi, shingo iligeukia majora ya vitambaa. Wao walijua anajua. Yeye alijua wanajua kwamba anajua. Utaratibu ulikuwa ofisi haiulizi mpaka iambiwe.

Kwenye mstari ule kola zilikuwa za mwanamke mmoja tu, Mama Kola. Mkavu, mrefu, mchache wa maneno, na hayo machache yana miiba. Kola zake zilisimama shingoni kama zimeudhiwa. Siku za vifungo yeye na Mama Pole walikula chakula cha mchana kwenye kibakuli kimoja, wakigombania kijiko, na Mama Pole alipopandishwa ofisini Mama Kola alimwambia, "Nenda, lakini kijiko kinabaki." Ndiyo pongezi pekee aliyoipata kwake.

Mwaka ule Mama Kola alianza kushona akiwa ameshika tumbo kwa mkono wa kushoto. Ukimuuliza, anakwambia shona yako. Halafu akawa haonekani. Kadi yake ikawa inakuja kazini peke yake, asubuhi kwa asubuhi, na ikawahi kuliko mwenyewe alivyowahi kuwahi.

Mama Pole aliambiwa na mashati. Siku moja alichungulia kwenye kioo akaona kola zinapita zimelala, masikio chini, kama mbwa aliyegombezwa. Wenzake walikuwa wanajitahidi, lakini mkono wa mtu si kadi. Akasema moyoni, watakuja kuniambia. Akangoja. Wao wakamngoja Mama Kola apone. Mama Kola akamngoja Mungu. Kazi ya sare za wauguzi ikaisha, zikafuata za shule, na watu bado wanangojana.

Aliyekuja ni dada wa mikono, yule wa goti. Aliingia bila kubisha, akaufunga mlango kwa mgongo.

"Mama Pole, tumekwama."

"Kaa."

"Sikai. Ana uvimbe tumboni, anatakiwa apasuliwe. Daktari kamkataza kunyanyuka, na akishapasuliwa atalala sana, hatuwezi kumshonea muda wote huo. Karatasi hii hapa."

Mama Pole akaisoma. Daktari alikuwa mtu mwangalifu, ameandika tangu lini mgonjwa hakuweza kufanya kazi.

"Amelala tangu sare za wauguzi?"

"Tangu tunaanza kukata."

"Na kadi?"

"Kadi iko vizuri," dada wa mikono akasema, tena kwa fahari, masikini. "Haijakosa hata siku moja."

Mama Pole akaiweka karatasi mezani polepole, kama kitu cha moto. Hawa wanawake walimpenda mwenzao mpaka wakamfungia njia. Daktari anasema alikuwa kitandani, mlango wa kiwanda unasema alikuwa kazini, na mshahara umetoka kama kawaida. Akiripoti tarehe ya kweli, Mfuko utamuuliza mwajiri: aliyekuwa anaingia getini ni nani? Na kwa mwajiri, kuingiza kadi ya mwenzio ni kufukuzwa, bango limebandikwa pale pale juu ya saa. Akiripoti kwamba ugonjwa umeanza leo, karatasi ya daktari itamsuta, na mgonjwa ataonekana mwongo. Asiporipoti kabisa, Mama Kola hana atakachokula akiwa amelala. Na Mama Kola akikosa cha kula, hatalala.

Jioni Mama Pole akaenda kwake. Wifi yake ndiye aliyefungua mlango, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo. Chumba kilikuwa kisafi kwa hasira, shuka zimekunjwa pembe kwa pembe, na katikati ya usafi ule Mama Kola amelala ubavu, rangi ya majivu.

"Pole," Mama Pole akasema.

"Umeshasema mlangoni, nimesikia."

"Hiyo ilikuwa ya mlango." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nataka nikuripoti."

"Wataulizwa kadi."

"Wataulizwa."

"Basi usiniripoti."

"Utakula nini?"

"Nitarudi kazini. Wanipasue, wanishone, narudi. Mimi ni fundi, mshono naujua."

"Mshono wa shati hautoi usaha, mwenzangu."

Wifi akadakia kutoka mlangoni. "Mwambie, mimi keshanichoka. Wahenga walisema mficha maradhi..."

"Wifi, methali hiyo nenda kaimalizie nje," Mama Kola akasema bila kugeuka. Kisha akamtazama Mama Pole kwa macho yaliyozama. "Wale wana watoto. Nikilala mimi wakafukuzwa wao, hicho kitanda kitanilaza? Acha."

Asubuhi yake Mama Kola akaja kazini. Alitembea kwa kushika ukuta tangu barabarani. Pale getini akaichukua kadi yake mkononi mwa dada wa mikono, akaiingiza mwenyewe kwenye saa, akaenda kukaa. Ukumbi mzima ulishona umeinamisha vichwa. Akashona kola moja, ikasimama. Ya pili akaianza, akafika kwenye ncha, akalaza paji la uso juu ya cherehani kama anayesikiliza kitu ndani yake. Wakamtoa kwa kumbeba, wakapitia stoo ili msimamizi asione, na walipompitisha mlangoni kwa Mama Pole alikuwa anasema mniache, bado mbili tu, bado mbili.

Kuanzia hapo shingo ya Mama Pole haikugeuka tena.

Alhamisi alifika dirishani bila goti wala pafu.

"Bwana Dirisha, kuna kiwanda fulani."

"Ahaa," Bwana Dirisha akasema, akaweka kalamu chini. "Na katika hicho kiwanda fulani kuna karani fulani?"

"Yupo. Ana mtu mgonjwa ambaye hakuripotiwa kwa wakati. Na kadi za mtu huyo zinasema alikuwa kazini."

Bwana Dirisha akazichezea sharubu. Bosi alikuwa nyuma, akapunguza sauti. "Sikiliza. Kuripoti ni kazi ya mwajiri, si ya mgonjwa. Mwajiri akichelewa, kosa ni la mwajiri, mgonjwa haadhibiwi kwa mdomo wa mwingine uliofumbwa. Atalipwa. Ila mwajiri aandike mwenyewe kwamba zile kadi si za kweli, na hapa kwenye sababu ya kuchelewa aeleze ni uzembe wa nani ofisini kwake. Na atie sahihi. Bila hivyo mkono wangu umefungwa."

"Wa nani ofisini kwake."

"Ndiyo, Mama Pole." Akaokota kalamu yake. "Hicho kiwanda fulani hakina makarani wawili?"

"Kina mmoja tu," Mama Pole akasema. "Anatosha."

Meneja wao walimwita Bwana Pasi, kwa ajili ya suruali zake zenye mistari ya kukatia nyama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mistari. Mama Pole akamwekea mbele taarifa aliyokwisha kuijaza: tarehe ya kweli, karatasi ya daktari, na chini yake, kwa ule mwandiko uliompandisha cheo, kwamba karani wa wafanyakazi alijua na hakuripoti, na kwamba kadi alizozikubali hazikuwa za kweli.

Bwana Pasi akasoma. Akasoma tena.

"Nani alikuwa anaingiza kadi?"

"Kadi ziko chini ya ofisi yangu, mzee."

"Sijauliza ziko chini ya nani."

"Ndilo jibu nililo nalo."

"Nitawaita mmoja mmoja."

"Waite. Ukimaliza kuwafukuza, sare za shule utazishona wewe na nani? Mimi nitakusaidia vifungo."

Bwana Pasi akainuka, akaenda kwenye kioo cha ofisi yake, akautazama ukumbi. Hakuna kichwa kilichoinuka, na hakuna cherehani iliyonyamaza. Mama Pole aliuona mshipa wa shingo yake umesimama. Hasira ilikuwepo, na hesabu za kazi iliyoahidiwa zilikuwepo, na pengine, hilo hatalijua mpaka anaingia kaburini, kulikuwa na kitu cha tatu, maana bwana yule alikuwa na mama aliyemlea kwa cherehani.

"Nikitia sahihi hapa," akasema bila kugeuka, "huwezi kubaki kwenye kiti cha karani. Unalielewa hilo?"

"Ndiyo maana nimekuja na ufunguo."

Akatia sahihi kwa kukandamiza mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Ufunguo wa ofisi Mama Pole akauacha mezani. Taarifa aliipeleka kwa Bwana Dirisha mwenyewe, ikawa ya mwisho. Bwana Dirisha akagonga muhuri, na kwa mara ya kwanza akasimama. Miguu alikuwa nayo, mifupi.

Jumatatu Mama Pole akarudi kwenye vifungo. Dada wa mikono alimsogezea taa tu, na mtu mwingine akaupuliza vumbi mto wa kigoda.

Kushoneana kulikufa wiki ile. Ile saa ya kung'ata kadi ilihamishiwa mbele ya mlinzi, naye akaagizwa kutazama nyuso. Akaja karani mpya, kijana wa shule nzuri, ambaye aliripoti kila mgonjwa siku ile ile bila kumwona hata mmoja. Mfuko ulilipa kwa wakati, hakuna aliyepunjwa, na Mama Pole, anayependa kusema ukweli hata unaomuuma, anakubali kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mjukuu akimwambia hivyo humjibu, "Ndiyo, mama, mna haki." Lakini homa ikimpata mtu siku hizi, anarudi anakuta furushi lake lilivyo, limemngoja. Mama Pole huyakumbuka yale mafurushi yaliyoshonwa. Mistari yake ilikuwa imepinda kidogo, mahali mkono wa mtu mwingine ulipopita, na mwenye kazi aliijua mikono hiyo mmoja mmoja.

Mama Kola alipasuliwa. Aliporudishwa nyumbani Mama Pole akaenda, safari hii bila mkoba. Wifi akampisha, akaenda kusimama uani na methali zake.

"Nasikia wamekurudisha mwisho wa mstari," Mama Kola akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini miiba imeanza kuota tena.

"Vifungo vilinililia."

"Nimekutoa ofisini."

"Ofisi ilikuwa na joto. Na sikuwa na mtu wa kugombania naye kijiko."

Mama Kola akafumba macho. Mama Pole akadhani kalala, lakini midomo ilikuwa inatafuta neno na kuliacha.

"Na wale?"

"Wapo wote. Kola anashona yule mfupi wa mifuko. Mbaya mno, wala usiulize."

"Na Mfuko?"

"Mfuko umeshaambiwa kwamba unaumwa. Umekubali. Kwa hiyo sasa kazi yako ni hiyo moja, na usinitie aibu."

"Nivutie pazia," Mama Kola akasema. "Jua linanipiga."

Akamvutia. Nje ilikuwa saa ambayo cherehani zote za kiwanda zinaimba pamoja, na wote wawili waliijua saa hiyo bila kutazama popote. Mama Kola akageukia ukuta kwa taratibu, mkono juu ya bandeji, akavuta pumzi ndefu kama anayetua ndoo. Mama Pole akabaki ukingoni mwa kitanda. Alikaa tu, akimsikiliza mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kulala mchana, sasa anakoroma kama mwenye nyumba.